Kikohozi na midomo kuvimba: mwambie muuguzi kama unatumia vidonge vya presha

Mgonjwa wa presha anaanzishiwa dawa mpya. Wiki ya tatu anakohoa usiku kucha, kikohozi kikavu cha kuwasha kooni, hakina makohozi wala homa. Majirani wananong'ona kwamba ni kifua kikuu. Anaona aibu, anaacha vidonge bila kumwambia mtu. Presha inapanda tena kimyakimya, na siku anapopooza upande mmoja hakuna anayekumbuka kile kikohozi.

Ndugu msomaji, tazama pakiti yako. Kama jina linaishia na "pril", kama vile Captopril, Enalapril au Lisinopril, dawa hiyo ni ya kundi linalolegeza mishipa ya damu. Ni dawa nzuri, na moyo pia huusaidia. Lakini kwa baadhi ya watu huleta kikohozi. Nenda zahanati ukaseme. Utapimwa kifua, maana kifua kikuu nacho kipo, na kikohozi cha wiki 2 hakipuuzwi. Ikionekana ni dawa, utabadilishiwa, na mara nyingi kikohozi huisha ndani ya wiki 1 hadi 4.

Midomo, ulimi au uso ukivimba, hilo si la kusubiri asubuhi. Koo linaweza kuziba. Usimeze kidonge kingine. Waamshe jirani, upelekwe hospitali usiku huohuo. Tatizo hili si la wengi, ila sisi Waafrika hutupata zaidi, na linaweza kuja baada ya kidonge cha kwanza au baada ya miaka. Aliyevimba asipewe tena dawa ya kundi hili maisha yake yote. Hakikisha imeandikwa kwenye kadi yako, kwa sababu ukihamishiwa kambi nyingine au ukirejea nyumbani, muuguzi wa huko hakujui.

Kwa akina mama: dawa hizi huharibu figo za mtoto aliye tumboni na zinaweza kumuua. Muuguzi akikuuliza siku zako uliziona lini, hachunguzi mambo ya nyumba yako. Ukihisi una mimba, au unapanga kuzaa, mwambie mapema akupeleke kwa daktari upewe dawa nyingine. Na ndiyo sababu vidonge vya presha haviazimwi. Unayempa huenda ana mimba na mwenyewe hajajua.

Siku za kwanza unaweza kuona kizunguzungu. Inuka kitandani polepole, kaa kwanza. Ukiharisha au kutapika sana, mwili ukikauka maji, dawa hii inaweza kuumiza figo. Kunywa maji ya chumvichumvi ya ORS, uende zahanati siku hiyohiyo na vidonge vyako. Muuguzi atakueleza kama usimamishe na lini uanze tena. Nenda pia na dawa za maumivu ulizonunua sokoni, kama Diclofenac au Ibuprofen, maana nazo zikichanganywa na hizi huziumiza figo. Hata pakiti tupu inatosha.