Uzi: Hita ya sola kwa nyumba mpya, nani analipa?

Wadau, huu mjadala hurudi kila msimu wa siasa. Mmoja anapanda jukwaani kusema nyumba zote mpya zijengwe za kijani ndio bili ya stima ishuke. Mwingine anamjibu ati hizo ni sheria za Wazungu, zitapandisha kodi ya nyumba tu. Nawasikiliza wote wawili na swali lenyewe hakuna anayeligusa.

Nairobi hatupashi nyumba joto kama Ulaya. Huku kwetu shida ni maji ya kuoga. Hebu tupige hesabu. Shawa ya umeme ya kilowati 5 ikiwaka dakika 10 inakula karibu yuniti 0.83. Watu 4 wakioga kila siku kwa siku 30, hizo ni kama yuniti 100. Hapo friji bado, pasi bado. Na tangu Aprili 2023 bei ya chini kabisa ni ya mwenye kutumia hadi yuniti 30 kwa mwezi. Awali ilikuwa 100. Kwa hivyo kuoga pekee kunakutoa hapo, na ukiongeza friji unaingia daraja la bei ya juu.

Kuna wale husema, "Stima yetu ni safi tayari, tusisumbuane." Kwa sehemu kubwa ni kweli. Karibu asilimia 90 ya stima tunayozalisha ni ya mvuke wa Olkaria na kwingine, mabwawa, upepo na jua. Lakini jioni sote tukirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, mitambo ya mafuta huwashwa kujazia. Angalia meseji yako ya tokeni, kuna laini ya gharama ya mafuta. Hiyo unalipa kwa kila yuniti, hata uliyotumia saa sita mchana.

Na sheria tulikuwa nayo, jameni. Kanuni za 2012 zilitaka jengo lenye mahitaji ya maji moto zaidi ya lita 100 kwa siku liwekwe hita ya sola. Majengo ya zamani yalipewa miaka 5. Ukikaidi, faini ya hadi shilingi milioni 1 au jela mwaka mmoja. Wengi hawakutii, na baadaye kanuni zikafutwa.

Mbona? Wengine watasema ufisadi, wengine uzembe. Mimi naona sababu iko wazi zaidi. Anayenunua hita ni mwenye nyumba. Anayenunua tokeni ni mpangaji. Hita inaweza kufika laki moja na zaidi, shawa ya umeme ni elfu chache. Kama wewe ndiwe unajenga fleti za kukodisha, utachagua gani? Akiba yote inaenda kwa mtu mwingine! Ndio maana anayejijengea nyumba ya kuishi mwenyewe mara nyingi huweka sola bila kusukumwa na mtu.

Kwa hivyo anayesema "soko litaamua" ajue mpangaji hana sauti kwa hilo soko. Anakuta shawa imeshafungwa ukutani. Na anayesema "tuweke sheria" atuambie hiyo laki atailipa nani, maana mwenye nyumba atajaribu kuirudisha kwa kodi.

Sheria za ujenzi zenyewe zimebadilika juzi tu. Kanuni mpya za kitaifa za majengo za 2024 zilianza kutumika Machi 2025, zikachukua nafasi ya zile za 1968. Kwa hivyo mtasikia hii maneno tena.

Akija kwenu kuomba kura, mwulizeni hivi: kodi ikipanda elfu moja kwa mwezi kwa sababu ya hita, na tokeni zishuke elfu mbili, nani atahakikisha haitapanda elfu tatu? Na kaunti ina wakaguzi wangapi wa kupanda juu ya paa kuangalia kama hiyo hita iko, na inafanya kazi?