Ushauri wa Kazi kwa Mwanafunzi Aliye Kifungoni

Kumsaidia mwanafunzi wa chuo kuchagua kazi kuna hatua zinazojulikana: ajitambue, azifahamu kazi zilizopo, kisha ayapime mawili hayo kabla ya kuamua. Kwa anayesoma huku akitumikia kifungo, hatua hizo hazitoshi, kwa kuwa kati ya uwezo wake na ajira anayoitamani imesimama sheria, na mwalimu asiyeifundisha mapema humjengea matumaini yasiyo na msingi.

Marekani inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1994 Bunge la nchi hiyo liliwanyima wafungwa ruzuku ya Pell, yaani fedha za serikali kuu wanazopewa wanafunzi wa kipato cha chini bila kutakiwa kuzirejesha, na programu nyingi za vyuo magerezani zikafa. Tangu Julai 1, 2023 ruzuku hiyo imerejeshwa kwa wanaosoma katika programu zilizoidhinishwa, chini ya kanuni zinazokizuia chuo kutoa mafunzo ya kazi ambayo, katika jimbo husika, waliowahi kufungwa kwa kawaida hawaruhusiwi kuifanya au kupewa leseni yake.

Darasani, somo huanza na kujitambua. Nadharia inayotumika sana ni ya John Holland, aliyeitoa mwaka 1959, ambayo huigawa mielekeo ya watu kuhusu kazi katika makundi 6: vitendo, uchunguzi, sanaa, huduma kwa jamii, ujasiriamali na kazi za utaratibu. Wizara ya Kazi ya Marekani imetayarisha dodoso la maswali 60 lililojengwa juu ya nadharia hiyo, na toleo lake la karatasi lina manufaa makubwa mahali ambapo intaneti hairuhusiwi. Baada ya dodoso hufuata orodha ya ujuzi, ambayo kwa wengi ndiyo huwafungua macho, kwani mfungwa aliyefanya kazi katika jiko la gereza, ingawa hudhani hana uzoefu wowote, amekwisha kujifunza kukadiria chakula cha mamia ya watu, kutunza stoo, kulinda usafi na kumaliza kazi kwa wakati, na yote hayo yana nafasi katika wasifu wake.

Hatua ya tatu ni kuichunguza sheria ya kila kazi. Huko California, wafungwa wamekuwa wakipambana na moto wa misituni kwa miaka mingi, lakini walipotoka wengi wao walishindwa kuajiriwa na vikosi vya zimamoto vya miji, kwa sababu vikosi hivyo hudai leseni ya huduma ya kwanza ya dharura, ambayo rekodi ya makosa makubwa iliwazuia kuipata. Sheria ya mwaka 2020 iliwaruhusu wengi wa waliotumikia katika kambi za wafungwa wanaozima moto kuiomba mahakama ifute hatia zao. Mwanafunzi anayeijua njia hiyo ataandaa maombi yake. Asiyeijua ataacha nafasi iliyo wazi.

Mwisho hufundishwa namna ya kumweleza mwajiri habari za kifungo: kosa litajwe kwa ukweli na kwa ufupi, bila kulaumu wengine, kisha yafuate masomo, kazi zilizofanywa na kile mwombaji anachoweza kutoa sasa.

Afrika Mashariki inahusika pia. Nchini Kenya na Uganda wapo wafungwa waliopata shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa gerezani, na huko Kenya waajiri wengi hudai cheti cha tabia njema kutoka polisi, hivyo shahada peke yake haifungui kila mlango.

Uchambuzi wa taasisi ya RAND wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wafungwa walioshiriki masomo walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 43 wa kurudi gerezani kuliko wasioshiriki. Manufaa hayo hayapaswi kupotea katika mwezi wa kwanza wa kutafuta ajira. Kwa hiyo chuo kinachoingia gerezani na masomo bila ushauri wa kazi unaoizingatia sheria kimefanya nusu ya wajibu wake.