Nafasi ya Milimita 0.15: Joto na Valvu katika Injini ya Volkswagen ya Zamani

Gari dogo la Volkswagen, lenye umbo lililoviringika kama gamba la kobe, lilibuniwa nchini Ujerumani katika miaka ya 1930 na mhandisi Ferdinand Porsche. Gari la mwisho la aina hiyo lilitengenezwa katika mji wa Puebla, Meksiko, mnamo tarehe 30 Julai 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutolewa viwandani. Katika Afrika Mashariki gari hili lilipata sifa ya uvumilivu, na mwaka 1962 lilishinda mashindano ya East African Safari, yaliyopita katika barabara za vumbi na matope. Hata leo wako wenye magari haya wanaoyatunza kwa mikono yao wenyewe.

Maisha ya gari hili hutegemea sana jinsi mwenyewe anavyoilinda injini dhidi ya joto. Katika kazi hiyo kipo kipimo kimoja, kisichofikia unene wa karatasi mbili za daftari, ambacho huweza kuamua kama injini itadumu au itavunjika.

Injini isiyotumia maji

Injini nyingi za magari hupozwa kwa maji yanayozunguka kati ya silinda na rejeta. Injini ya Volkswagen hii haina rejeta. Ina silinda nne zilizolazwa, mbili kila upande, na kila silinda imezungukwa na mapezi membamba ya chuma yanayoongeza eneo la kupotezea joto. Feni husukuma hewa kati ya mapezi hayo, na mabati yaliyoizunguka injini huielekeza hewa mahali inapohitajika. Sehemu nyingine ya joto huchukuliwa na oili, ambayo ujazo wake ni lita 2.5 tu.

Kutokana na muundo huo, mwenye gari ana wajibu wa aina tatu. Kwanza, mkanda wa feni uwe umekazwa sawasawa: ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, uingie ndani kiasi cha milimita 15. Mkanda huo huo huzungusha dinamo, kwa hiyo ukikatika, taa nyekundu ya dinamo huwaka. Hapo dereva hana budi kusimama mara moja, kwa kuwa injini haipati hewa tena. Pili, mabati na mipira inayoziba nafasi zilizo kandokando ya injini visiondolewe, ama sivyo hewa iliyokwisha kupata joto chini ya gari itavutwa tena na feni. Tatu, oili ibadilishwe kila baada ya kilomita 5,000, na chujio lake la waya lisafishwe, maana injini hii haikuwekewa chujio la karatasi.

Kwa nini valvu huungua

Kila silinda ina valvu mbili. Moja huingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, nyingine hutoa moshi. Injini inapozunguka mara 3,600 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 30 kwa sekunde. Kichwa cha valvu ya moshi huweza kupata joto la nyuzi 600 za Selsiasi na zaidi. Sehemu kubwa ya joto hilo huondoka kwa njia ya mpitisho wakati valvu imefunga, ukingo wake unapogusana na kikalio chake.

Ili valvu iweze kufunga kabisa, huachwa nafasi ndogo kati ya ncha ya mguu wake na mkono unaoisukuma. Kwa injini nyingi za aina hii nafasi hiyo ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ikitoweka, valvu hubaki wazi kidogo hata wakati ambapo ingepaswa kufunga. Joto lake hukosa njia ya kutokea, na gesi za moto hupenya kwa nguvu kwenye ukingo na kuuunguza. Kichwa cha valvu kikikatika, huangukia juu ya pistoni, na kwa muda mfupi sana pistoni na silinda huharibika.

Katika jambo hili sikio humdanganya dereva. Nafasi ikiwa kubwa mno, valvu hugonga kwa sauti inayosikika wazi. Nafasi ikiwa ndogo mno, injini hunyamaza na kuonekana imetulia, kumbe valvu inaungua. Hakuna njia ya kujua ila kupima.

Silinda inayohitaji kuangaliwa zaidi ni ile ya tatu, iliyo upande wa kushoto kuelekea mbele ya gari. Katika injini za miaka ya 1960 kipozeo cha oili kilisimama ndani ya njia ya hewa ielekeayo kwenye silinda hiyo, ikawa inapata joto zaidi kuliko wenzake. Katika miaka ya 1970 watengenezaji walikisogeza kipozeo hicho kando katika injini zao kubwa zaidi.

Kwa nini injini ipimwe ikiwa baridi

Msomaji atakumbuka kuwa metali hutanuka zikipata joto. Fimbo ya feleji yenye urefu wa milimita 200, ikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 100, hurefuka kwa milimita 0.19. Fimbo ya alumini ya urefu huo huo hurefuka kwa milimita 0.37. Tofauti kati ya hizo mbili ni milimita 0.18, nayo ni kubwa kuliko nafasi yenyewe inayopimwa. Ndiyo sababu fimbo za kusukumia valvu za injini hii zilifanywa kwa bomba la alumini lenye ncha za feleji, ili zitanuke karibu sawa na sehemu zinazozizunguka. Ndiyo sababu pia kipimo huchukuliwa asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha.

Namna ya kupima

Kazi huanzia silinda ya kwanza. Injini huzungushwa kwa spana mpaka alama ya puli ya chini ielekeane na kiungo cha nusu mbili za bloku, na rota ielekee alama iliyo kwenye ukingo wa distribyuta. Wakati huo valvu zote mbili za silinda hiyo zimefunga. Bamba la kupimia la milimita 0.15 huingizwa katika nafasi. Linapaswa kupita kwa kukwaruza kidogo. Lisipopita hivyo, nati hulegezwa na skrubu kurekebishwa. Nati ikishakazwa, kipimo hurudiwa, kwani kukaza huweza kuibadili nafasi. Kisha puli hurudishwa nyuma nusu mzunguko kwa kila silinda inayofuata: ya pili, ya tatu na ya nne. Kijitabu cha gari hakina budi kufuatwa, kwa kuwa baadhi ya injini zina vipimo tofauti.

Kabla ya kurekebisha, nafasi iliyokutwa iandikwe katika daftari. Valvu moja ikikutwa imepungua nafasi kila inapopimwa, hali nyingine zote hazibadiliki, ni dalili kuwa mguu wake unarefuka au kikalio chake kinazama. Kuendelea kuirekebisha ni kuficha ugonjwa. Kichwa cha silinda kifunguliwe na valvu ibadilishwe, maana gharama ya valvu moja ni ndogo mno ikilinganishwa na ya injini nzima.

Zoezi kwa wanafunzi: Gari linakwenda kwa saa moja injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika. Je, kila valvu itafunguka mara ngapi? Jawabu ni mara 90,000.