Avansi ya patron, kabla ya kutia sinyatire

Bandugu, kazi ya kwanza ikipatikana mbali na mji, tuseme Kasomeno kwenye barabara ya Kasenga, mara nyingi deni linatangulia mushahara. Mwenye nyumba anataka garanti, kitanda hakuna, na patron anasema: "Kuya, nitakupa avansi."

Mimi siikatai avansi. Ukilinganisha na Banque Lambert (ile ya mtaani, munaijua), ni afadhali sana. Lakini anayekudai ndiye anayeshika mushahara wako. Mdai mwingine atakupigia simu. Huyu anakata tu.

Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakataza patron kukata mushahara ovyo. Inaruhusu kwa sababu zilizotajwa, kama kodi, malipo ya CNSS, na avansi aliyokupa. Kwa hiyo avansi yake anaikata bila kupita tribinali. Hatari iko hapo: kama karatasi haisemi atakata ngapi kwa mwezi, mutabishana siku ya kulipwa, na wewe mikono mitupu.

Mdai wa inje, kama duka ao banki, njia yake ni ndefu. Lazima awe na hukumu ao karatasi yenye nguvu ya hukumu. Na hata akishinda hachukui yote: ni moja kwa tano ya mushahara, mpaka mara tano ya mushahara wa chini wa kategoria yako, halafu moja kwa tatu ya kinachozidi. Kwenye 600.000 FC iliyo ndani ya kipimo hicho, anapata 120.000. Deni la matunzo ya watoto ao bibi linaweza kufika mbili kwa tano, ni kusema 240.000.

Kwa deni la patron, andikeni jumla, kiasi cha kila mwezi, na itakuwa namna gani kazi ikiisha mbele ya deni. Hiyo ya mwisho ndiyo batu banasahau, na ndiyo inachoma: kontra ikivunjika, deni lote lililobaki linatafutwa kwenye hesabu ya mwisho. Weka kopi. Patron anapaswa kukupa hesabu ya mushahara kwa maandishi kila anapolipa, linganisha.

Ukiona tofauti, anzia kwa inspekta wa kazi, hata ukiwa na hasira. Bila kujaribu kupatana mbele yake, Tribinali ya kazi haitapokea mashitaka yako. Na kama unatoka Kasomeno, beba karatasi zote safari ya kwanza.