Theluji Imuuayo Ayala Humlinda Musi

Huko Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ayala wa porini hafi kwa kuganda. Manyoya yake huzuia joto la mwili lisitoke, hata theluji hukaa mgongoni bila kuyeyuka. Kinachomuua ni njaa. Theluji ikivuka sentimita 40 hivi, ayala hutembea kwa taabu, na kila hatua hula mafuta aliyojiwekea tangu vuli. Ayala hujibanza chini ya misonobari, wakitafuna vitawi visivyo na lishe ya maana. Ndama hutangulia kufa: hawakupata muda wa kunenepa, na vitawi vilivyobaki viko juu, wanakofikia wakubwa tu. Vifo huzidi Machi na Aprili, watu wakiwa wameshaanza kuota jua. Wenye huruma huwamwagia mahindi, kumbe vijidudu vya tumboni vimezoea vitawi. Wanga wa ghafla hugeuka asidi, na mnyama hufa ameshiba.

Idara ya maliasili ya jimbo hupima ukali wa msimu wa baridi kwa alama: moja kwa kila siku ambayo theluji ina kina cha sentimita 38 au zaidi, na moja kwa kila siku ya nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Zikipita 180, msimu umekuwa mkali.

Musi, jamaa mkubwa wa ayala, ana miguu mirefu. Theluji ya nusu mita haimsumbui. Si kwamba hafi: kisiwani Isle Royale, majira makali ya baridi ya 1996, yakichangiwa na uhaba wa malisho na kupe, yaliwapunguza kutoka takriban 2,400 hadi 500. Lakini kisiwa hicho hakina ayala.

Kwenye bara, ayala hubeba mnyoo wa ubongo bila kuugua. Mabuu hutoka na kinyesi, huingia ndani ya konokono, na musi akimmeza konokono pamoja na majani, huanza kuyumba, kuzunguka hovyo, hatimaye hufa. Kupe nao, makumi ya maelfu kwa musi mmoja, hunufaika na majira mafupi ya baridi: jike akidondokea theluji Aprili hufa, akidondokea ardhi kavu hutaga. Kaskazini-mashariki mwa jimbo, musi walikadiriwa kuzidi 8,000 mwaka 2006. Baadaye wakapungua kwa zaidi ya nusu.

Theluji inayopunguza ayala hupunguza pia mnyoo huo. Kwa hiyo wawindaji wanapodai, baada ya msimu mkali, vibali vipunguzwe ili ayala waongezeke upesi, katika maeneo ya musi mimi ningewakatalia.