Simu hupima mwendo, mwili ndio hupima nguvu

KUENDESHA baiskeli mwendo mrefu ni zoezi bora kwa moyo, mapafu na misuli, na tena haliumizi magoti kama kukimbia. Siku hizi wengi wanaofanya zoezi hili hufunga simu ya kisasa kwenye usukani ili iwaonyeshe kasi, umbali na njia. Si jambo baya. Hata hivyo, simu hiyo isipotumiwa kwa busara yaweza kumtia mwenyewe taabani.

Chukua mfano wa barabara ya Nairobi hadi Magadi, ambayo ni karibu kilomita 110. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali Magadi iko mita 600 hivi. Ukishapita Kiserian na Corner Baridi, barabara huanza kuteremka. Kasi unayoiona kwenye simu itakupendeza, nawe utadhani una nguvu za simba. Kumbe ni mteremko unaokusukuma! Wakati wa kurudi utaupanda mlima huo huo, jua likiwaka na miguu imechoka.

Kwa hivyo, usijipime kwa kasi. Kipimo rahisi ni pumzi. Ikiwa unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, unajikaza kiasi cha wastani. Wenye mkanda wa kifuani unaopeleka mapigo ya moyo kwenye simu hutoa umri wao kutoka kwa 220 ili kujua kikomo. Mtu wa miaka 40 hupata 180. Hayo ni makadirio tu, kwani watu hawalingani.

Aidha, simu huchoshwa na joto. Kampuni ya Apple, kwa mfano, hushauri simu zake zitumiwe mahali penye joto la nyuzi 0 hadi 35. Joto likizidi, kioo hufifia na huenda simu ikajizima. Joto hilo hilo ndilo linalokukabili wewe. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au kichwa kuuma, teremka, keti kivulini, jimwagie maji na unywe kidogo kidogo. Mwenzako akianza kuchanganyikiwa au kuzirai, hiyo ni dharura. Mpoze kwa maji huku mkitafuta usaidizi wa kumfikisha hospitalini.

Simu inaweza kukufaa zaidi ukiitegea kengele ya kukukumbusha kula. Safari ikipita saa moja, mwili huhitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbili za wastani hutosha. Kunywa maji unaposikia kiu. Usijilazimishe kunywa kupita kiasi, kwa sababu maji mengi mno hupunguza chumvi katika damu, nayo ni hatari.

Jambo jingine ni betri. Kioo kinachowaka muda wote ndicho humaliza chaji haraka. GPS hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti na haihitaji mtandao wa simu. Kwa hivyo pakua ramani ukiwa nyumbani, zima data, kisha uache kioo kikiwa kimezimwa. Programu itaendelea kuhesabu kilomita. Isitoshe, ukiwa na mwendo wa kilomita 36 kwa saa, kutazama simu kwa sekunde tatu ni kwenda mita 30 bila kuona barabara.

Beba betri ya akiba na uhakikishe hukosi chaji ya kupiga 999 au 112 ukipatwa na ajali. Kwa kuwa mtandao hukosekana mahali pengine, waambie jamaa zako njia utakayofuata na saa ya kurudi kabla ya kuondoka.

Wenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari wamwone daktari kwanza. Na mwili ukikuambia simama, simama, hata kama simu inasema zimebaki kilomita tano tu.