Kioo cha dirisha kikipasuka, usisubiri mwisho wa mwezi

Mpira unapigwa uani, kinasikika kishindo kimoja, halafu kimya. Kimya hicho ndicho kinachomtoa mama jikoni. Anawakuta watoto wamesimama wanatazamana, kila mmoja anamsukumia mwenzake kesi kwa macho, na kioo cha dirisha la sebuleni kina ufa kutoka kona moja hadi nyingine.

Kinachofuata kinajulikana. Kwanza makelele, kisha selotepu. Baba akirudi kutoka kazini anasema fundi ataitwa mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unafika pamoja na kodi, umeme na michango ya shule, na kioo kinasogezwa mwezi mwingine. Baada ya muda ile selotepu imekuwa rangi ya chai, na hakuna tena anayeliona lile dirisha.

Mtoto mdogo ndiye anayeliona. Anapanda kwenye kochi, anaegemea dirishani kuangalia barabarani, na anafuatisha ule ufa kwa kidole.

Vioo vingi vya madirisha ya nyumba zetu ni vioo vya kawaida, vya milimita 3 hadi 6. Kioo cha aina hii kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali kama kisu. Hakifanani na kioo cha pembeni cha gari, ambacho kimeimarishwa kwa joto kiwandani na kikivunjika humwagika kama punje. Na ufa haukai mahali pamoja. Mlango ukibamizwa na upepo, jua kali likifuatwa na mvua, au mtu akilazimisha dirisha lililokaza, ufa husogea mpaka siku kipande kinapodondoka.

Selotepu ina kazi yake, lakini ni ndogo: inashikilia vipande visianguke kabla fundi hajafika. Hairudishi nguvu ya kioo. Gundi za dukani nazo ni hivyo hivyo. Zile dawa za kuziba nyufa za kioo cha mbele cha gari zinafanya kazi kwa sababu kioo kile kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati. Kioo cha dirisha la nyumba hakina plastiki hiyo. Kikipasuka, hubadilishwa.

Nusu saa ya kwanza

Kama kioo kimevunjika na vipande viko chini, kabla ya kuuliza nani kapiga mpira, watoto watoke wote kwenye chumba hicho, na asiyevaa viatu abebwe. Anayebaki kusafisha avae viatu vilivyofunika vidole. Ndala hazifai kwa kazi hii, kwa sababu kipande kilichosimama hupenya soli yake.

Vipande vikubwa viokotwe kwa glovu nene. Za ngozi zinazotumiwa na mafundi wa kuchomelea ni nzuri; za mpira wa kuoshea vyombo huchanika. Asiye na glovu atumie kizoleo na kipande cha boksi gumu, asiokote kwa mkono mtupu. Halafu ufagio, polepole, kutoka kuta za chumba kuelekea katikati. Vumbi la kioo lisiloonekana huondolewa kwa gazeti lililoloweshwa au kipande cha mkate laini kikigandamizwa sakafuni. Vyote vitupwe baada ya kutumika, na mkate huo usiachwe mahali ambapo mtoto au kuku ataufikia.

Usiku ukifika, kuna njia rahisi ya kukagua. Taa za chumba zizimwe, kisha tochi ya simu ilazwe sakafuni ili mwanga usambae chini chini. Kila chembe ya kioo iliyobaki itameremeta. Wanaofanya hivi mara nyingi hugundua kwamba vipande vimeruka mbali kuliko walivyodhani: chini ya kabati, ndani ya viatu vya shule, kwenye godoro, juu ya zulia la kuchezea. Dirisha likiwa karibu na kitanda cha mtoto, shuka na chandarua vikung'utiwe nje kabla hajalala.

Vipande havitupwi vilivyo kwenye mfuko wa taka. Anayekuja kuzoa taka mara nyingi hubeba mifuko kwa mikono mitupu, na kwenye jalala kuna watoto wanaookota chupa na vyuma chakavu. Vioo vifungwe kwa magazeti kadhaa, viwekwe kwenye kopo la rangi au boksi gumu, na juu iandikwe kwa herufi kubwa: VIOO.

Kama kioo kimepasuka lakini bado kimesimama, utepe mpana ubandikwe kwa mtindo wa msalaba, ndani na nje kama panafikika. Kochi, meza au kitanda kilicho chini yake kisogezwe, na dirisha hilo lisifunguliwe. Kama ufa umeachia kipande kinachotikisika, eneo la chini yake nje ya nyumba nalo lizuiwe, maana huko ndiko watoto hupita mbio.

Boksi dirishani nalo lina gharama

Pale kioo kinapokuwa kimetoka chote, familia nyingi huziba tundu kwa boksi, mfuko wa salfeti au ubao. Kwa siku mbili tatu si vibaya. Shida huanza inapogeuka kuwa miezi.

Ya kwanza ni mbu. Mpira uliovunja kioo mara nyingi umechana na wavu, na boksi halikai sawasawa kwenye fremu. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, lakini mbu anayeeneza homa ya dengue huuma mchana, wakati hakuna mtu aliye ndani ya chandarua. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka dengue ya mwaka 2014 na ile ya 2019. Kwa hiyo wavu ushonwe au ubadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama kioo kitasubiri kidogo. Wavu ni nafuu, na kuubana kwa vipande vya mbao na misumari midogo hakuhitaji fundi.

Ya pili ni hewa, na hii inazungumzwa kidogo mno. Chumba chenye dirisha moja lililozibwa kwa ubao hakina pa kutolea hewa. Katika mikoa ya baridi kama Mbeya, Njombe na Arusha, mwezi wa sita na wa saba wapo wanaoingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke kabisa. Hata dirisha zima likiwa limefungwa jiko la mkaa halifai chumbani, ila dirisha lililozibwa moja kwa moja linaondoa hata ule upenyo mdogo uliokuwepo. Vilevile chumba kisichopitisha hewa humrahisishia kazi mdudu wa kifua kikuu, kama ndani kuna mtu anayekohoa.

Mtoto akikatwa na kioo

Jeraha dogo lioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, likaushwe na kufunikwa. Mafuta ya taa, dawa ya meno, majani ya chai na unga wa kahawa havina kazi hapo. Vinachafua kidonda na kumpa daktari kazi ya ziada.

Linalotoka damu nyingi libanwe kwa kitambaa safi, kwa nguvu, dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Hapo ndipo wazazi wengi hukosea: kila baada ya nusu dakika wanafunua kuangalia kama imekata, na kila wakifunua wanavuruga damu iliyokuwa inaanza kuganda. Mkono au mguu uinuliwe juu wakati huo. Kama kitambaa kimelowa, kingine kiongezwe juu yake bila kutoa cha kwanza.

Kipande kilichozama ndani kisichomolewe nyumbani. Huenda ndicho kinachozuia damu isitoke kwa wingi. Mgandamizo uwekwe pembeni mwa kipande, si juu yake, na mtoto apelekwe kituo cha afya. Kipande kikiwa jichoni, jicho lisisuguliwe wala kukandamizwa. Lifunikwe kwa kitu kisichogusa mboni, kama kikombe cha karatasi, na safari ianze.

Kuna majeraha yanayodanganya. Tundu dogo kwenye kiganja au kwenye kifundo cha mkono linaweza kuwa limekata mshipa wa fahamu au kano ndani. Mtoto aambiwe akunje na kunyoosha kila kidole, kisha aguswe ncha za vidole. Kama kidole hakikunjiki au kina ganzi, hilo si jeraha la plasta. Nyayo nazo ni hivyo hivyo: mtoto akiendelea kuchechemea siku kadhaa baada ya kidonda kufunga, huenda kipande kimebaki ndani. Wapo wanaoamini kioo hakionekani kwenye picha ya eksirei. Huonekana, isipokuwa vipande vidogo sana, kwa hiyo ni vyema kumwambia daktari kwamba kilichomkata ni kioo.

Kuhusu pepopunda, mtoto aliyekamilisha chanjo zake za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ana kinga ya kuanzia, na kadi ya kliniki ibebwe ili daktari aamue kama anahitaji sindano nyingine. Anayesahaulika ni baba. Mama hupata chanjo ya pepopunda akiwa mjamzito. Baba huenda mara ya mwisho alichanjwa akiwa mtoto, na mara nyingi ndiye anayeshika patasi kung'oa kioo kibovu. Jeraha lenye uchafu na chanjo ya zaidi ya miaka mitano iliyopita ni sababu ya kutosha kupita kituo cha afya.

Kipi kinaweza kufanyika nyumbani

Dirisha la luva ndilo rahisi kuliko yote. Luva zilazwe wazi, kisha vile vikucha vidogo vya bati kwenye mashikio ya pande zote mbili vinyooshwe taratibu kwa koleo, na kioo kivutwe nje. Kipimo kichukuliwe kwenye luva nzima ya jirani, urefu, upana na unene. Dukani jambo moja lisisahaulike: kingo zisagwe. Luva hukaa na kingo zake wazi, na kingo ambayo haijasagwa itamkata atakayeifuta vumbi, au mtoto atakayeishika akichungulia.

Dirisha la mbao au chuma lenye puti, lile la nyumba za zamani, linahitaji uvumilivu zaidi. Kioo kibovu hubandikwa utepe kwanza, kisha hutolewa kipande kwa kipande kuanzia juu kushuka chini, kwa glovu na miwani ya kazi. Ukianza chini, cha juu kitakushukia. Puti ya zamani hukwanguliwa kwa patasi mpaka fremu ibaki safi. Kipimo cha upana na cha urefu kila kimoja huchukuliwa sehemu tatu, kwa sababu fremu za zamani ni nadra kunyooka, na kinachofuatwa ni kile kidogo, kikipunguzwa milimita 3. Kioo kilichobana fremu pande zote hupasuka chenyewe jua likiwaka.

Hapa kuna hatari ambayo mafundi wengi wa mtaani hawaitaji. Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zilichanganywa na madini ya risasi, na vumbi lake likimwingia mtoto huathiri ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu wala kuchomwa kwa moto. Iloweshwe maji kwanza, ikwanguliwe ikiwa mbichi, plastiki itandazwe chini, na watoto na mama mjamzito wawe kwa jirani mpaka sakafu ipigwe deki.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza ni kazi ya fundi. Kioo kimefungwa ndani ya fremu kwa raba, na fremu lazima ifunguliwe yote. Dirisha lolote la ghorofani nalo ni la fundi, hata kama baba ana ngazi ndefu. Kwa mlango wa kioo, au dirisha linaloanzia karibu na sakafu, inafaa kuuliza bei ya kioo kilichoimarishwa kabla ya kurudisha cha kawaida. Hicho ni ghali zaidi na hakikatwi tena kikishaimarishwa, hivyo vipimo viwe sahihi kabla ya kuagizwa.

Kwa wapangaji, kinachochelewesha mara nyingi ni ubishi wa nani alipe, mpangaji au mwenye nyumba. Mkataba usomwe, picha ipigwe, ujumbe utumwe siku hiyo hiyo. Lakini mwenye watoto ndiye anayelala na ule ufa, na luva moja ni nafuu kuliko nyuzi tatu za hospitali. Wapo wanaotengeneza kwanza na kukatana kwenye kodi baadaye, kwa makubaliano ya maandishi.

Kioo kipya kikishawekwa kwenye puti, hakijamaliza kazi. Puti hukauka kwa wiki moja hadi mbili kabla ya kupakwa rangi, na wakati huo ni laini kama unga wa chapati. Watoto hupenda kuichokonoa kwa vidole na kutengeneza vidoli. Kochi lisirudishwe chini ya dirisha mpaka rangi ikauke.